Kumwachia Mwenzio Kicheko

Kwa mchekeshaji hakuna kazi ngumu kama kunyamaza. Amezoea kusimama peke yake, taa zinamwakia usoni, ukumbi mzima unamsubiri yeye, na kicheko kikitoka ni chake. Sasa mchukue mtu huyo umpe kipindi cha televisheni. Mwambie kwamba kuanzia leo kazi yako ni kukaribisha wenzako, kuuliza na kusikiliza, na mwenzako akichekesha kuliko wewe, upige makofi kwa moyo mweupe. Wengi wanashindwa. Mgeni anaalikwa, anakalishwa kwenye sofa, halafu mwenye kipindi anamkata kauli kila akifungua mdomo, mpaka unamwonea huruma aliyevaa suti kuja kutazama mwingine akijichekesha.

Daniel Ndambuki, Mkenya tunayemjua kwa jina la Churchill, hakushindwa, na leo nataka kumsifu kwa hilo. Nashukuru kwamba hakuna aliyeniuliza mtu wa Mloka, Rufiji, ana habari gani na televisheni ya Nairobi. Kijijini kwetu wageni huja kwa ajili ya lango la hifadhi la Mtemere na wanyama walioko ng'ambo yake, na kituo cha NTV kilichokuwa kikimrusha hatukuwa tunakipata. Churchill alitufikia kwa memori kadi. Unampelekea fundi simu kadi yako, unalipa, anakujazia bongo fleva, filamu zilizotafsiriwa na mafaili ya vichekesho, humo humo kukiwa na Churchill bila tarehe wala jina la kipindi. Baadaye ikaja YouTube, siku ambazo mtandao umeamka vizuri. Maneno ya Sheng yalitupita juu ya kichwa, na vichekesho vya matatu na vya shule za bweni za Kenya tulivicheka kwa kufuata mkumbo. Labda ndiyo maana mimi nilianza kutazama yaliyokuwa yakitokea katikati, mchekeshaji mmoja anapotoka na mwingine hajaingia. Huko katikati ndiko Churchill alikokuwa anafanya kazi yake.

Safari yake ilianzia mbali kidogo na sofa. Alipita katika kundi la Red Korna, na kwa miaka mingi Wakenya walimsikia asubuhi kwenye Classic 105 akiwa na Maina Kageni. Huko redioni hakuwa Churchill. Alikuwa Mwalimu King'ang'i, mwalimu mwenye lafudhi nzito ya Kikamba na maoni juu ya kila ndoa iliyoyumba. Maina anauliza, wasikilizaji wanapiga simu kumwaga siri za nyumbani kwao, Mwalimu anatia chumvi. Redio ya namna hiyo ni shule, kwa sababu mpiga simu hujui atasema nini na huwezi kuja na kichekesho ulichokiandika jana. Unamsikiliza kwanza, unampata pale alipojikwaa, unasema maneno matano, unamrudishia uwanja.

Na kabla yake wengine walikuwa wamelipa nauli ya njia hiyo. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya gazetini kwa safu yake ya Whispers, alifungwa mwaka 1986 wakati serikali ya Moi ilipokuwa ikiwasaka waliotuhumiwa kuwa wa kundi la siri la Mwakenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianzisha Redykyulass na kumwigiza Rais Moi kwenye televisheni, sauti, fimbo na yote, yeye mwenyewe akiwa bado Ikulu. Watu walitazama huku wakisubiri kusikia vijana hao wamelala wapi usiku ule. Hawakufungwa. Kiarie siku hizi ni mbunge wa Dagoretti Kusini, jambo ambalo mchekeshaji mwingine angeweza kulitumia vizuri. Kwetu Tanzania nauli imelipwa pia: mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa kwa video inayomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo. Alipofikishwa mahakamani, shtaka alilosomewa lilikuwa la usajili wa laini ya simu.

Churchill alipoanza Churchill Live, ambayo baadaye ikawa Churchill Show, alikuta tayari watu wamejua kwamba inawezekana kucheka hadharani. Alichoongeza yeye ni mlango. Vijana wapya walipimwa mbele ya watu katika usiku ulioitwa Churchill Raw, kabla ya kuruhusiwa kwenye kamera za kipindi cha Jumapili. Aliyebuma alibuma mbele ya mamia badala ya mamilioni, akaenda nyumbani kurekebisha, akarudi. Kwa mlango huo, au kwa kusimama karibu nao, walipita Eric Omondi, MC Jessy, Teacher Wanjiku, Jemutai, Chipukeezy, Mammito, Profesa Hamo, na wengine ambao ningeendelea kuwataja mpaka mhariri akasirike. Wapo waliokuja kuwa na vipindi vyao wenyewe. Mwenye wivu angeutia mlango huo komeo baada ya wawili wa kwanza.

Tazama anavyomwingiza mtu. Hasimami katikati ya jukwaa kusoma wasifu. Anashuka, anatembea kati ya viti, anachagua uso mmoja na kuuliza jina na mahali mtu alikotoka. Jibu likija, ukumbi tayari umeshaanza kucheka, kwa sababu Kenya nzima inajua anayetoka Murang'a atataniwa nini na anayetoka Siaya atataniwa nini. Anacheza na watu wawili watatu hivi, ukumbi unapata moto, na hapo hapo, pale ambapo mchekeshaji mwenye njaa angeongeza dakika kumi za kwake, anataja jina la anayefuata na kuondoka. Anamwachia kijana watu walioshacheka, ambao mbavu zao zimeshalegea. Anayejua kazi hii anajua thamani ya zawadi hiyo, maana dakika ya kwanza mbele ya watu waliokunja nyuso ni ndefu kuliko barabara ya kutoka Kibiti kuja Mloka wakati wa masika.

Lakini swali lile, unatoka wapi, ningependa kulikalia kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini Kenya, na kwenye vizuizi vya barabarani vijana wenye mapanga waliwauliza wasafiri swali hilo hilo. Jina lako nani, kwenu wapi, toa kitambulisho. Jibu lilikuwa uhai au kifo. Katika miaka iliyofuata, Jumapili usiku, mtu mwenye maiki akawauliza Wakenya hao hao jina na kwao, nao wakajibu kwa sauti, wakacheka, na jirani wa kabila jingine akacheka pamoja nao. Sisemi kwamba Churchill aliponya nchi. Wanasiasa waliendelea na yao kila uchaguzi. Nasema swali lililokuwa limechafuka alilichukua akalitumia tena hadharani, na kufanya hivyo kunahitaji mkono mwepesi mno. Wapo wachekeshaji waliolichukua kwake wakalivunja: kwao Mkikuyu daima anahesabu hela, Mjaluo daima anajisifu, mwaka nenda mwaka rudi, kichekesho kimoja kilichobadilishwa shati. Huo ni uvivu, na ukizidi unaanza kunuka.

Sisi wa bonde la Rufiji swali hilo tunalijua. Mwaka 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita kwenye miezi ya mauaji. Tarehe 13 Aprili askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja, na viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine majumbani na njiani. Bodaboda zilipigwa marufuku kutembea usiku. Ukisafiri ulikwenda ukijua kuna mahali utasimamishwa na kuulizwa unatoka wapi na unakwenda kwa nani, na ulijibu ukiwa umeshikilia kiti. Na kutania katikati ya hofu tunakujua pia. Kabla ya hapo, kati ya 2002 na 2004, simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya wilaya yetu, na watu wakampa jina la Osama. Nani alianza kumwita hivyo sijui, lakini ningempa kipindi cha televisheni. Watu walikuwa wanalala juu ya madungu mashambani kulinda mpunga, kila sauti gizani inaweza kuwa ya mwisho, na bado mmoja wao alipata akili ya kutania.

Huenda tumelelewa hivyo. Kabla ya kamera kulikuwa na watani, na mtani wa kweli humjui harusini, unamjua msibani. Katika msiba mmoja wa huku kwetu marehemu alikuwa mzee mpenda kubishania bei. Mtani wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, aliingia amevaa koti la marehemu, akakalia kiti cha marehemu, akadai uji, kisha akakataa kuupokea kwa sababu sukari ilikuwa imepimwa kwa kipimo cha dhuluma. Wafiwa walikuwa wanacheka na kujifuta machozi kwa upindo huo huo wa khanga. Mama alikuwa amewakamata wote. Angeweza kuendelea mpaka adhuhuri. Badala yake alimgeukia mjukuu wa marehemu, kijana ambaye tangu jana hakuwa amesema neno, akamuuliza: "Wewe, babu yako akitajiwa bei ya perege alikuwa anajibuje?" Kijana akainamisha kichwa. Kimya. Kisha akakohoa, kikohozi kile kile cha babu yake, akasema: "Huyu perege umemsomesha?" Watu walianguka. Yule mama hakuongeza kitu. Alivua koti, akalikunja, akaenda kukaa na waosha vyombo.

Nikimtazama Churchill akitaja jina la kijana mgeni kisha akaondoka kwenye mwanga, namwona mama huyo. Yeye hakuwa na mtu wa kumlipa wala tangazo la kumkatiza, lakini kipimo ni kile kile: anajua kicheko kikubwa kuliko vyote kimekaa kwa nani, na njia ya kukitoa kwa mtu huyo.

Huko Marekani Johnny Carson aliendesha The Tonight Show miaka 30, kuanzia 1962 hadi 1992, naye alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Kijana akimaliza vichekesho vyake, Carson akimwashiria aje kukaa kwenye sofa, maisha ya kijana huyo yalikuwa yamebadilika kabla hajakaa. Ishara ya mkono tu. Ukitaka kumpima mwendesha kipindi, usihesabu vichekesho vyake. Hesabu watu ambao wasingejulikana bila yeye.

Kwetu Tanzania jambo hili la mchekeshaji kuwaita wenzake jukwaani lilichelewa, na sababu naiona katika asili ya vichekesho vyetu. Sisi tulicheka kwa makundi. Enzi za Muungano Cultural Troupe na TOT, ulilipa kiingilio kimoja ukapata taarabu, sarakasi, ngoma na kichekesho, na mshereheshaji alikuwa wa kuunganisha tu. Redioni tulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wawili. King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, alihitaji mtu wa kumkaripia ili moto uwake. Hata Ze Comedy, iliyoanzia EATV ikahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, ilikuwa kundi: Masanja anasoma taarifa ya habari ya uongo, Joti anageuka bibi kizee, Mpoki anaharibu. Mtu kusimama peke yake na maiki, bila kanzu ya kuazima wala mwenzake wa kumpiga kibao, ni jambo la juzi. Usiku wa Cheka Tu wa Coy Mzungu jijini Dar es Salaam umesaidia kulizoesha, na huyo naye ni mchekeshaji aliyeamua kuwafungulia wengine jukwaa.

Hofu yangu ni simu. Kijana wa leo hahitaji mlango wa mtu. Anajirekodi, anapandisha, anahesabu waliotazama. Hakuna aliyempashia ukumbi, na akibuma hakuna wa kuingia kumwokoa kwa neno moja la kirafiki ili arudi wiki ijayo. Hapa Mloka tunaye mmoja, dereva wa bodaboda, anaigiza watalii wanaoogopa kiboko kabla hawajashuka kwenye gari. Ana kipaji, tatizo anacheka kabla ya mtazamaji. Nilimwambia aache simu kwanza, akasherehesha harusi, ajifunze kusubiri na kumwita mwingine mbele. Akaniuliza wanalipa shilingi ngapi. Nikamwambia pilau, na ukibahatika, nauli.

"Nauli ya nini, mzee wangu?" akasema. "Harusi yenyewe iko nyumba ya tatu."