Bodi Inawaka, Poti Haionekani

Malalamiko ya wanaoanza kutumia bodi za majaribio, ziwe Arduino, Nucleo au ESP32, hufanana sana. Ukiichomeka kwenye kompyuta taa inawaka, lakini poti ya kupitishia programu huioni. Wengi hukimbilia kupakua draiva. Ya kwanza ikigoma wanaongeza nyingine juu yake, mwishowe draiva kadhaa zinagombea kifaa kimoja na hakuna anayejua ipi inafanya nini. Ushauri wangu ni usipakue chochote kabla hujasoma namba mbili ambazo bodi hujitambulisha nazo.

Kila kifaa cha USB hubeba namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kila moja ya tarakimu nne za heksadesimali. Ya kwanza hutolewa na USB-IF kwa ada ya maelfu ya dola; ya pili mtengenezaji hujipangia. Chipu ya FT232R ya FTDI, kampuni ya Glasgow, hujitaja 0403:6001. CH340 ya kampuni ya WCH ya Nanjing, iliyojaa kwenye Arduino Nano za bei nafuu zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam, hujitaja 1A86:7523. Kompyuta huzipokea namba hizo kama mlinzi wa getini anayeandika namba za gari asimwangalie aliyeketi ndani, kisha hutafuta draiva iliyosajiliwa kwa namba zile zile. Kwenye Linux amri ya lsusb huzionyesha papo hapo. Kwenye Windows utazikuta Device Manager, ndani ya sifa za kifaa, sehemu ya Details.

Zisipokuwepo kabisa, draiva haihusiki. Bodi ya kasi ya megabiti 12 kwa sekunde hutangaza kuwa imefika kwa kuvuta waya wa D+ hadi volti 3.3 kupitia rezista ya kiloomu 1.5. Kebo nyingine za kuchajia simu hazina nyaya za data. Umeme utapita, taa itawaka, na kompyuta haitajua kuwa kuna kitu kimechomekwa. Badilisha kebo kwanza, tena kwa ile uliyowahi kuhamishia mafaili. Ukiona namba 0000:0002 pamoja na kosa la 43 kwenye Windows, hapo kompyuta imeusikia mvuto wa D+ lakini ilipouliza maelezo haikujibiwa ipasavyo. Chunguza habu isiyotoa umeme wa kutosha, kebo iliyochoka, au programu ya ndani ya bodi iliyokwama.

Kosa la 28 ndilo linalohitaji draiva kweli, na la 52 maana yake draiva ipo ila saini yake ya kidijitali haikuthibitika. Bodi zinazofuata utaratibu wa pamoja wa CDC hazina shida hiyo tangu Windows 10 ya mwaka 2015, maana mfumo unazo zana zake. Linux nayo ina vituko vyake. Kwenye Ubuntu 22.04 watu waliona CH340 ikitokea na kutoweka mara moja. Mhusika alikuwa brltty, programu ya vifaa vya kusomea Braille, ambayo ilijitwalia kila chenye namba 1A86:7523 kwa kuwa kuna kifaa cha Braille kinachotumia kigeuzi hicho hicho. Asiyehitaji Braille akiiondoa programu hiyo, poti inarudi.

Kisa hicho kinaonyesha udhaifu wa mpango mzima: namba ni madai ya kifaa chenyewe, na madai yanaweza kuigwa. FT232RL ndiyo iliyokuwa kwenye Arduino Duemilanove na bodi nyingine nyingi za enzi ile, hivyo kukatokea chipu bandia zenye nembo ya FTDI zikijitaja 0403:6001. Picha za darubini zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha kuwa ndani ya bandia hizo mlikuwa na kidhibiti kidogo kilichopangiwa programu ya kuiga tabia za chipu halisi. Draiva ya FTDI ikawa inawahudumia waigaji bure.

Oktoba 2014, draiva mpya ya FTDI ilisambazwa kupitia Windows Update. Bodi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikapotea, na zilipochunguzwa zilikutwa zinajitaja 0403:0000. Kuzihamishia kwenye kompyuta nyingine hakukusaidia, kwa sababu sifuri hizo zilikuwa zimeandikwa ndani ya EEPROM, kumbukumbu ya kudumu ya chipu.

Waliofumua msimbo wa draiva hawakukuta mahali popote panapouliza kama chipu ni halisi. Amri zilitumwa kwa chipu zote sawasawa. Hila ilikuwa kwenye namna ya kuandika. EEPROM ya FT232R ina maneno 64 ya biti 16, na chipu halisi huandika maneno mawili kwa pamoja: neno la anwani shufwa huwekwa kando hadi neno la anwani witiri linalofuata lifike. Bandia hazikuijua desturi hiyo, ziliandika kila neno lilipofika. Namba ya bidhaa inakaa anwani ya 2. Draiva ikapeleka sifuri pale bila kufuatisha neno lolote la witiri, basi chipu halisi ikabaki ilivyo na bandia ikafutika namba.

Kulikuwa na kikwazo. Anwani ya 63 huhifadhi jumla ya uhakiki wa maneno yote yaliyotangulia, na 63 ni witiri: kuigusa kungeamsha uandishi hata kwenye chipu halisi. Hesabu ya jumla hiyo huanzia AAAA, kila neno likiunganishwa kwa XOR na matokeo kuzungushwa biti moja kushoto. Hesabu ya namna hiyo inarudishika kinyumenyume bila taabu. Draiva ikatafuta thamani ya kuweka anwani ya 62, ambayo ni shufwa, ili jumla ya zamani iendelee kuwa sahihi.

Kiuhandisi ni kazi nadhifu ajabu. Kibiashara ulikuwa uamuzi mbovu, maana aliyeumia ni fundi au mwanafunzi aliyenunua bodi dukani bila njia ya kujua, wakati muuza bandia alishalipwa zamani. Kelele zilikuwa kubwa, draiva ikaondolewa kabla mwezi haujaisha. Mwaka 2016 likaja toleo linaloacha EEPROM salama lakini linatuma maneno NON GENUINE DEVICE FOUND! badala ya data. Kwa anayeongoza mota kupitia poti hiyo, sioni unafuu. Prolific wa Taiwan walichagua njia ya wazi zaidi: draiva yao inakataa chipu zao za zamani pamoja na nakala zake, na inaandika sababu pale pale Device Manager.

Bodi yenye 0403:0000 inatibika. Kerneli ya Linux iliongezewa mstari wa kuitambua hata ikiwa na sifuri zake, na programu ya ft232r_prog huweza kuirudishia 6001. Usiichomeke tena kwenye Windows kabla hujakagua toleo la draiva lililomo. Likiwa ni lile la Oktoba 2014, namba itafutwa upya mara tu bodi itakapotambuliwa.