Ngoma za Bujora: zimehifadhiwa na bado zinapigwa

Makumbusho mengi huokoa kitu kitakatifu kwa kukinyamazisha. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902. Leo imo katika mkusanyo wa British Museum, London, mbali na watu iliokuwa ikiwaita. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa nje ya jiji la Mwanza, walifuata njia nyingine, nasi wa Bugarama, wilayani Ngara, hatuna haja ya kupanda ndege kwenda kuiona.

Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, alijenga hapo kanisa la mviringo la mtindo wa Kisukuma mwaka 1958, na ndiye aliyeanzisha makumbusho. Ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi wa Wasukuma, zina banda lao lenye umbo la kigoda cha mtemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mtemi kapoteza kiti, ngoma zake zinakaa kitini! Na hazikai tu: hupigwa kwenye sikukuu za kanisa na wanapofika wageni wa heshima.

Mhifadhi aliyezoea kabati la kioo atalalamika kwamba kila pigo linachosha ngozi. Ni kweli. Lakini ngoma ni mzinga na ngozi. Ngozi tangu zamani huchakaa, ikawambwa nyingine. Kinachorithiwa ni mzinga. Maadui wa mzinga ni unyevu, mchwa na dumuzi, nao hustawi pasipoguswa na mtu. Ngoma inayotolewa nje mara kwa mara hukaguliwa bila hata kuitisha ukaguzi: ufa unaonekana mapema, ngozi iliyolegea inajulikana kwa sauti. Zaidi ya hayo, mpigaji anapata wa kumrithisha mapigo, kazi ambayo kabati haliwezi.

Kasoro ipo, wala si ndogo. Ngoma iliyokuwa ya mtemi na mizimu ya ukoo wake sasa inafuata kalenda ya Kanisa. Kwangu mimi, hapo ibada haikuhifadhiwa, ilihamishwa. Hata hivyo naipendelea kuliko ukimya.

Huku kwetu, Wahangaza na Washubi nao walikuwa na watawala wao. Siku Ngara au Biharamulo watakapotaka makumbusho, kikao cha kwanza kiamue nani ana haki ya kutoa ngoma, siku zipi, na nani ataiwamba ikipasuka. Ramani ya jengo ije baadaye.