Kabla ya Kupima Kimo, Mfunue Mdomo

Hukereka kila ninaposikia farasi mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi na tumbo la kuning'inia akisifiwa kwa sababu tu ni mdogo. Farasi halisi wa mbegu ya Falabella, wa takriban sentimita 76 mabegani, ni farasi kamili: mpige picha uwandani pasipo mtu kando yake, na mtazamaji hatang'amua udogo wake. Shingo ndefu, mifupa myembamba, hatua nyepesi. Mwenye madoadoa humshinda wa rangi moja, na kwa hilo sibishani na mtu.

Asiyewajua farasi hawa huanza na kipimo cha kimo. Mjuzi huanza na mdomo. Inua midomo kwa vidole, utazame meno ya mbele kutoka ubavuni: ya juu na ya chini lazima yakutane ncha kwa ncha. Taya la chini likitangulia, angalia upesi kama paji limevimba, kama pua zimepanda kuelekea macho, kama magoti ya nyuma yanagusana. Dalili hizo zikiandamana, huyo ni kibete, na viungo vitamtesa maisha yake yote. Ubilikimo huu hurithiwa kimyakimya. Dume na jike wasioonyesha kasoro wanaweza kumzaa kibete. Siku hizi maabara hupima mzizi wa unywele na kumfichua mbebaji wa kasoro hiyo. Mfugaji asiyepima hana udhuru.

Walaghai wanajua mnunuzi hatafunua mdomo. Huyapiga meno tupa yaonekane sawa, hukata kwato mno, humzoesha farasi kusimama miguu imetanuka ili kimo kishuke. Dalali mmoja alinisifia dume lake huku kidole gumba kimekandamiza singa za paji. Nilipozisogeza, fupa lilijitokeza.

Mbegu ya Falabella ilijengwa Argentina kwa subira. Patrick Newtall alianza mwaka 1868 na farasi wa kienyeji, Criollo. Mkwewe, Juan Falabella, akachanganya damu ya Shetland, Welsh na Thoroughbred wadogo, akipandisha ndugu kwa ndugu. Katika miaka ya 1940 Julio Falabella alifungua daftari la ukoo, akawafikisha farasi sentimita 100, kisha 76. Kimo kilishuka, umbo likabaki. Huo ndio ufundi. Ununuzi nao ulikuwa wa subira: zamani mnunuzi alimzunguka farasi mara kadhaa kabla ya kutaja bei. Sasa anatuma pesa kwa picha ya simu.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji amtembeze farasi kwanza, kisha umfunue mdomo. Akikukatalia, ondoka.