Vijiti Saba na Neno "Kesho"

Aliyepata kuvaa saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, anazijua tarakimu zake: vijiti saba tu, vitatu vimelala na vinne vimesimama. Kinachowaka na kilichozimika ndivyo vinavyoamua tusome tatu au tisa. Umbo hilo halikuzaliwa na tamaa ya urembo, bali na uhaba. Kila kijiti kilidai njia yake ya umeme, na fundi akatafuta idadi ndogo itakayotosha kuanzia sifuri hadi tisa.

DSEG ni jamii ya fonti za kompyuta zinazoiga umbo hilo, nazo hutolewa bure. Katika tarakimu sina la kulaumu. Ncha za vijiti zimekatwa kwa uangalifu, na upana wa tarakimu zote ni mmoja, hata 11 inapogeuka 12 safu haitikisiki.

Kasoro huanza vijiti saba vinapotwishwa maneno. Herufi K, M, V na W hutaka mistari ya mshazari, na vijiti saba havina mshazari. Mchoraji hana budi kukisia, na msomaji kubahatisha. Lugha yetu nayo imejengwa juu ya herufi hizo hizo. Nilichukua karatasi nikajaribu maneno ya wakati, maana wakati ndiyo kazi ya saa. "Saa" liliandikika, ingawa S yake haitofautiani na 5. "Mwaka" lilibakiwa na A mbili tu. "Jana" liliandikika. "Leo" liliandikika. "Kesho" lilikataa.

Watunzi wa mashairi hatuna haki ya kuubeza uhaba. Mizani kumi na sita za mshororo ni vijiti vyetu, na ndani ya kizuizi hicho tumepata uhuru mwingi. Lakini mizani zilipimwa kwa ulimi na sikio la Mswahili mwenyewe. Hubana sentensi, hazinyimi neno sauti yake. Vijiti saba vilipimwa kwa hesabu, wala havikuulizwa habari za usemi.

DSEG ina dawa yake: fonti ya vijiti kumi na vinne, ambamo kijiti cha katikati kimegawanywa mara mbili, vikaongezwa viwili vya wima na vinne vya mshazari. Humo K husimama wima bila aibu, ijapokuwa ile haiba ya kujinyima imepungua. Naikubali hasara hiyo.

Basi anayepamba jalada la diwani kwa vijiti saba, kwa kuwa vina sura ya zamani, ajiulize kwanza kama vinaweza kulitamka jina la kitabu. Hati isiyoweza kusema "kesho" tuiachie kazi ya kuhesabu. Kazi hiyo inaifanya vizuri.