Heko kwa Waghani wa Mazingira

Huko Chilangala, wilayani Newala, kama kwingi kwenye uwanda wa Makonde, mvua ikinyesha maji huzama mchangani, na ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote vijana wanaosimama jukwaani kughani kuhusu miti na maji. Silaha yao si ngeni: ni ngonjera, shairi la majibizano, aliyoieneza mshairi Mathias Mnyampala miaka ya 1960. Uzuri wake ni kwamba mchoma mkaa naye hupewa zamu. Anatoka mbele, kiganja kifuani, anauliza wanawe watakula nini. Mwenzake sharti amjibu kwa vina na kwa hoja, kijiji kizima kikisikiliza. Hotuba haimpi mchoma mkaa nafasi hiyo.

Wapo wasemao shairi halioti majani. Kweli, beti hazichimbi shimo la mche. Lakini kampeni ya afya ya Tanzania, "Mtu ni Afya" ya 1973, ilianza kwa maneno redioni na katika vikundi vya kujifunza, watu wapatao milioni 2 wakashiriki, na vyoo vikachimbwa. Wengine husema watoto hukariri tu walichoandikiwa na mwalimu. Hilo lina uzito, na dawa yake ni kuwaachia waandike wenyewe, kwa Kiswahili chenye harufu ya mabibo na vumbi la salfa ya mikorosho. Mshairi Kathy Jetñil-Kijiner wa Visiwa vya Marshall alighani shairi lake mwenyewe kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 2014, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Walimu wa Newala na Masasi, wapeni vijana kalamu mapema, kabla ya Siku ya Mazingira ya 5 Juni.