Kubomoa si Kukongoa

Yako maneno ambayo wanafunzi wetu huyatumia kana kwamba maana yake ni moja, na sisi walimu huyapitisha kwa alama ya vema. Mfano ni sentensi hii: "Fundi alibomoa kitanda ili akipitishe mlangoni." Tuulize: kimebaki kitanda gani cha kupitisha? Kinachobomolewa huharibika. Kitanda cha fundi huyu kilikongolewa: misumari ilitolewa, mbao zikaachana zikiwa nzima, zipate kuunganishwa tena.

Kongoa ni kutoa kwa nguvu kilichopigiliwa au kukazwa, na hivyo kukitenganisha kitu kilichoundwa. Mwenzake ni kongomea, yaani kuunganisha kwa misumari. Asije mtu akatafuta asili yake katika konga, kwani konga ni kuzeeka, na hakuna seremala awezaye kumkongoa mzee akarudi ujanani.

Hata hivyo, kongoa nalo lisifanywe ufunguo wa kila mlango. Kiswahili hutazama kwanza jinsi kitu kilivyofungamana, ndipo kichague kitenzi. Kilichofumwa hufumuliwa, paa lililoezekwa huezuliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichopangwa hupanguliwa, kilichotatana hutatuliwa. Kiambishi -ua, au -oa baada ya irabu o kama katika choma na chomoa, ndicho kitanguacho tendo la kwanza. Lakini si kila kitenzi chenye mwisho huo ni cha jamii hii: nunua na chukua havitangui kitu.

Kwa wanafunzi wetu wa Uganda jambo hili si geni. Asemaye Kiganda anajua bikka, yaani kufunika, na bikkula, yaani kufunua. Kwa nini basi tumpe orodha ya kukariri, ilhali kanuni anayo tayari kinywani mwake?

Kasoro hii haiishii kwenye vitanda. Tunapomwambia mwanafunzi achanganue shairi, tunamtaka atenganishe yaliyochanganyika ili ayaone yanavyoshikana. Aliyezoea kubomoa tu hutuletea kifusi: vina huku, mizani kule, maana haipo.

Twapendekeza, ndugu walimu, vitenzi hivi vifundishwe kwa jozi, na kila jozi ifuatane na kitu chake: ukili, paa, sanduku, uzi. Na anayeandika kwamba kitanda kilibomolewa, aulizwe kwanza kama alikusudia kulala chini.