Sifa ya Kupima Chaji

Miongoni mwa sanaa ndogo za zama hizi, ambazo watu hunufaika nazo kutwa kucha pasipo kuwakumbuka mafundi wake, mimi naistahabu ile ya kumjulisha mwenye chombo kiasi cha chaji kilichosalia katika betri yake. Kwani ni sanaa ya kutoa ushahidi juu ya kitu ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona.

Tuitwae chipu ya ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, tuiunganishe na betri moja ya lithiamu na kioo kidogo chenye vitone 128 kwa 64. Betri hiyo ikijaa hufikia volti 4.2, na ikishuka hadi volti 3.0 huhesabiwa kuwa imekwisha. Mwanafunzi wa jana hudhani kazi imemalizika hapo: aigawe tofauti hiyo mafungu mia, aandike asilimia. Hesabu yake ni sahihi katika karatasi, na ni batili katika betri. Kwani betri ya lithiamu ni mithili ya muungwana aliyeanza kufilisika, ambaye kanzu yake ingali nyeupe na salamu zake zingali na bashasha, hali sanduku lake linazidi kuwa tupu. Sehemu kubwa ya akiba yake huitoa huku volti zikishuka kidogo tu, mnamo 3.8 hadi 3.6, kisha huporomoka ghafla. Kwa hiyo fundi stadi huimaliza betri kwa mzigo usiobadilika, akinakili volti saa baada ya saa, hata apate jadwali ya kuifundisha programu yake.

Kabla ya jadwali pana mlango. Miguu ya chipu haistahimili zaidi ya volti 3.3, basi fundi huweka rezista mbili za kiloomu 100, ili volti 4.2 zifike nusu yake, yaani 2.1. Nusu hiyo ina hekima ya pili, maana kipimo cha chipu, kiandikacho tarakimu kuanzia 0 hadi 4095, hupotoka karibu na ncha zake mbili, na 2.1 huangukia mahali pa salama. Lakini rezista hizo nazo hunywa, usiku na mchana, maikroampia 21. Ni tone lisilostahili kutajwa, mtu atasema. Na kwa mwaka mmoja tone hilo hutimia miliampia-saa 184, karibu humusi ya betri ya miliampia-saa 1000! Ndiyo maana wapo wanaoongeza tranzista ya kuifunga njia hiyo kila kipimo kinapokwisha, na mimi nawasifu hao kuliko wote.

Wakati nao una hukumu yake. Wi-Fi inaporusha ujumbe hunyonya miliampia 200 na zaidi, volti zikazama kwa kitambo, na apimaye dakika hiyo huitangazia betri ufukara usiokuwapo. Fundi hupima redio ikiwa kimya, hupima mara nyingi, huchukua wastani, tena huizuia tarakimu ya kioo isipande wala kushuka kwa kila mtikisiko.

Hapo ndipo ninapohitilafiana na wengi. Wao hupenda kuona 63 au 47, na hesabu nzuri huwapendeza macho. Mimi naona vijiti vinne vilivyochorwa kwa uangalifu vina insafu zaidi, kwa sababu havidai ujuzi ambao volti peke yake haziwezi kuutoa. Atakaye tarakimu kamili na atumie chipu nyingine, ile ihesabuyo mkondo unaoingia na unaotoka, agharimike.

Hata chipu hiyo hulazimika kurekebishwa, maana betri huzeeka: hujaa hadi volti zilezile 4.2 za ujana wake, lakini ujazo umepungua, na jadwali iliyoandikwa betri ilipokuwa mpya huendelea kuahidi saa ambazo hazimo. Fundi aliyeiandika hana budi kuimaliza betri tena kwa mzigo uleule na kunakili upya.